Jumamosi Maggie Alipocheza Brazili

"Na mimi nimesema sitamtazama," Gathogo akasema. "Hata mkinifunga kamba kwenye hicho kiti."

"Nani ana kamba ya kupoteza?" Waithira alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, akipangusa kioo kwa kipande cha fulana kuukuu. "Nimekuuliza kitu kimoja tu, Baba Maggie. Kesho mtoto akipiga simu aulize baba alisema nini, nimwambie nini?"

"Mwambie nilikuwa shambani."

"Shamba gani? Una mistari miwili ya sukumawiki."

"Basi nilikuwa mgonjwa."

"Mimi sidanganyi mtoto wangu. Akiuliza nitamwambia ulikuwa nje, umenuna."

Ugomvi huo ulianza kwenye chai ya asubuhi, na kufikia saa nne kila aliyepita kwenye njia ya Gitothua alikuwa amepata kipande chake. Gathogo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kwa miaka miwili alikuwa amenyamaza kuhusu kifungua mimba wake. Zamani alimwita Mami, kwa kuwa msichana alipewa jina la bibi yake mzaa baba, kama ilivyo desturi. Sasa alimwita "huyo msichana wako", na hapo ni pale alipolazimika kabisa.

Maggie alikuwa amepelekwa chuo cha uhazili Thika. Gathogo alimpeleka mwenyewe kila Jumatatu kwa Landrover yake, kabla ya kushusha mboga sokoni, na aliwaambia watu kanisani kwamba binti yake atakaa kwenye ofisi yenye zulia. Muhula wa pili Maggie aliacha taipureta, akajiunga na kikundi cha wachezaji ngoma wa mahoteli ya watalii. Baba alipojua, mtoto alikuwa ameshapanda ndege kwenda Ujerumani kwenye tamasha. Kule Ujerumani watu wa Lena Marlow wakamwona. Lena Marlow ni yule mwimbaji Mwingereza ambaye mwaka huo kila redio mjini Ruiru ilikuwa ikimwimbisha kutoka asubuhi hadi jioni. Alikuwa akizunguka dunia nzima, viwanja ishirini na vinane, na nyuma yake walicheza wasichana wanane. Mmoja wao alikuwa Maggie.

Jumatano alikuwa amepiga simu kwenye duka la Abdulnasir, kwa kuwa hapakuwa na simu nyingine karibu. Waithira alitoka mbio na unga mikononi. Maggie alisema onyesho la Brazili litatolewa kwenye televisheni ya Kenya Jumamosi mchana. Yeye husimama upande wa kushoto. Katika wimbo wa mwisho kila mchezaji huja mbele peke yake. Halafu akasema atapiga tena Jumapili, anataka kusikia baba amesema nini. Simu ikakatika kabla Waithira hajajibu.

"Brazili," Gathogo akasema, akivaa kofia. "Huko ni kwa mpira na kahawa." Akatoka.

Waithira hakumfuata. Alifundisha ushonaji kwenye chuo cha ufundi cha kijiji, na miaka mingi ya kufundisha wasichana wanaopindisha pindo kwa makusudi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu aliyenuna haongezewi maneno. Akaunganisha televisheni na betri. Nyumba haikuwa na stima. Betri ilikuwa imechajiwa mjini tangu Alhamisi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Khamisa, mke wa Abdulnasir, ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuja na bakuli la kaimati na kiti chake mwenyewe, kwa sababu, alisema, viti vya Mama Maggie anavijua. Wengine wakafuata, mpaka sebule ikawa haina pa kuweka mguu. Kosa lilianzia hapo. Maggie alikuwa amesema mchana, hakusema saa. Waithira aliwasha saa saba ajaribu picha, akataka kuzima.

"Na ikianza tukiwa tumezima?" Khamisa akauliza.

Waithira alieleza habari ya betri. Watu walimsikiliza kwa heshima, halafu wakamwomba asizime. Kwa hiyo wakatazama katuni. Wakatazama mtu akieleza magonjwa ya kuku. Kisha ukaja mpira wa timu mbili ambazo hakuna aliyezijali, na timu hizo zikatoka sare, zikaongezewa muda, zikaenda penalti, na kipa mmoja akalala chini muda mrefu akishika goti. Waithira alimwangalia kipa huyo kwa chuki ya kweli.

Gathogo aliingia mara moja kuchukua maji. Akapita katikati ya watu kama mtu anayevuka mto, macho juu, akatoka tena akaenda kukaa kwenye Landrover iliyokuwa imeegeshwa kando ya ukuta. Wakasikia mlango ukifungwa.

Saa kumi na robo onyesho likaanza.

Hakuna aliyekuwa tayari kwa wingi ule wa watu. Kamera ilipita juu ya uwanja, na vichwa vilikuwa kama mtama uliomwagwa. Khamisa akauliza hawa wote wameacha nyumba zao na nani. Lena Marlow akatokea katikati ya moshi, mdogo kama kijiti cha kiberiti, na nyuma yake wasichana wanane.

"Ni yupi?" watu wakauliza.

Kwa wimbo mzima Waithira hakujua. Wote walikuwa wamevaa sawa, na televisheni yake ilijua rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Halafu msichana wa mwisho kushoto akatupa bega la kulia juu kabla ya kugeuka, vilevile Gathogo anavyolitupa akijitwika gunia la kabichi.

"Yule pale," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo, hakuipenda, akaongeza kwa nguvu, "Na hiyo zipu ya mgongoni imewekwa na mtu mwenye haraka."

Khamisa akapiga kigelegele. Waithira aliketi kwenye ukingo wa kochi, mikono magotini, akimfuata binti yake kila kamera ilipomkumbuka. Haikumkumbuka sana. Ilimpenda Lena Marlow, na ilipenda moshi. Lakini mtoto alikuwa amenyooka, alikuwa akicheka, na miguu yake ilikuwa ikijua inakokwenda.

Baada ya wimbo wa sita picha ikaanza kujikunja pembeni.

Kila mwenye televisheni ya betri anaijua dalili hiyo. Ukanda mweusi huanza kulia na kushoto, kisha picha inasinyaa kama nguo ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto. Upande wa kushoto ukamezwa, na Maggie nao. Mtu mmoja akashauri betri itikiswe. Mwingine akasema iwekwe juani. Mwingine akakumbuka kuna betri kwa shemeji yake kule Kiuu, akaambiwa akae chini.

Waithira akahesabu nyimbo kichwani. Akasimama, akachomoa nyaya za betri, na sebule nzima ikalia.

"Khamisa, shika waya wa eriali. Usiuvute. Nyinyi wengine nipisheni."

Akaikumbatia televisheni, akatoka nayo. Waya wa eriali ulipita dirishani na ulikuwa na urefu wa ziada, na Landrover ilikuwa hatua chache tu. Akaiweka televisheni juu ya boneti, kioo kikielekea ndani ya gari. Nyuma ya kioo cha mbele Gathogo alikuwa ameegemea kiti cha abiria, kofia usoni. Waithira akafungua mlango.

"Inuka."

"Nimesema sitazami."

"Sijakuambia utazame. Umekalia betri."

Ilikuwa kweli. Kwenye gari lile betri ilikaa chini ya kiti cha abiria. Gathogo aliondoa kofia, akamtazama mkewe, akatazama umati nyuma yake, akahamia kiti cha dereva. Angeweza kutoka kwa mlango wa upande ule. Hakutoka.

"Ikiisha nguvu Jumatatu sitafika Thika," akasema.

"Tutasukuma."

Waithira akainua kiti, akabana klipu za nyaya, nyekundu kwa nyekundu. Picha ikajaa kioo. Watu wakapanda nyuma ya Landrover, wakachungulia juu ya paa; waliokosa nafasi wakabandika nyuso kwenye madirisha. Gathogo akawa ndiye mwenye kiti kizuri kuliko wote. Alitazama usukani. Alitazama kioo cha pembeni, ambamo alimwona Khamisa akitafuna kaimati. Waithira alisimama kando ya boneti akiishika televisheni.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Msichana wa kwanza kutoka kulia akaja mbele, akazunguka, akarudi. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Alipokuja wa nne ukanda mweusi ulitokea tena pembeni, maana betri ya Landrover nayo ilikuwa ya siku nyingi.

Sasa Gathogo alikuwa akitazama. Waithira alimwona kupitia kioo, shingo mbele, mdomo wazi kidogo.

"Yeye ni wa ngapi?" akauliza.

"Wa mwisho. Wa kushoto."

Picha ilikuwa imebaki upana wa kiganja. Kila mtu pale alijua hali ya gari lile: likikataa kuwaka, litanyonya hata kile kidogo kilichobaki, na Brazili itazimika yote. Likiwaka, litachaji betri, lakini dizeli itanguruma na wimbo hautasikika. Gathogo hakumwuliza mtu. Akazungusha ufunguo.

Televisheni ikawa giza. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Nyuma ya gari mtu akamwita Mungu kwa Kikuyu. Kisha Landrover ikashika, ikatetemeka yote, moshi mweusi ukawafunika waliosimama nyuma, na picha ikaruka ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati yake, mbele ya ule mtama wote wa watu, Maggie alitupa bega.

Hakuna aliyesikia wimbo. Waithira aliibana televisheni kifuani kwa mikono miwili isianguke, meno yakigongana kwa mtetemo. Injini ilipotulia picha ilianza kusinyaa. Gathogo akakanyaga mafuta, ikapanuka. Akakanyaga zaidi, akashikilia hapo hapo, bila kupepesa macho.