Uso wa Mwali kwenye Kompyuta

Kwangu Mwembesongo hapakukauka watu. Mwaka ule kila mtu alikuwa anaingiza kitu kutoka Dubai, na shemeji yangu aliniletea kompyuta iliyokwishatumika. Basi sebule yangu ikawa inajaa kuanzia adhuhuri: sinema, harusi za watu, umbea na chai. Ila Jumatano moja nilitia komeo. Chausiku alikuwa amekuja na diski ya video ya siku alipotolewa mwali binti yake, Zuhura, na nyuma yake aliingia Bi Asha, shangazi wa mwoaji, ametoka Mikese kumtazama mwali kabla ukoo wao haujataja siku ya ndoa.

"Tuwekee, Mama Mercy," Chausiku akasema. "Mkwe hakuwahi siku tuliyomtoa nje."

Nikaweka. Ngoma ikalia vizuri, sauti safi kabisa. Kisha Zuhura akatokea, uso wa kijani.

Sisemi kijani cha jani. Nasema kile cha mtu aliyeopolewa mtoni siku ya tatu. Mama yake kijani, mashangazi kijani, na katikati ya nyuso hizo meno meupe pe, yanacheka. Kanga nyekundu ya mwali ilikuwa rangi ya nyongo.

"Mbona kama maiti?" Bi Asha akauliza, taratibu, kama anayeomba chumvi.

Nikacheka nikidhani naye atacheka. Hakucheka. Nikamwita Mwalimu Lukasi, mpangaji wangu wa chumba cha uani, ndiye aliyesomea kompyuta.

"Shikamooni," akasema akiingia.

"Marahaba, baba," Bi Asha akajibu bila kubandua macho kwenye skrini.

Lukasi akakaza waya. Kijani. Akazima, akawasha. Kijani. Akafungua picha za kawaida alizotia mpiga video kwenye diski ileile, na hapo Zuhura alikuwa maji ya kunde, kama tunavyomjua. Akarudi kwenye video: maiti.

"Skrini haina tatizo," akasema. "Picha ziko sawa. Kinachoharibika ni hii video peke yake."

Alidhani anatutuliza. Chausiku akashika mguu wa meza.

"Picha zilipigwa baada ya mjomba," akasema.

"Baada ya mjomba kufanya nini?" Bi Asha akauliza.

Kwenye ukoo wa kina Chausiku mwali akitolewa hufunikwa kanga, na uso wake hauonwi na mtu mpaka mjomba, kaka wa mama, amfunue kwa mkono wake; akitanguliwa na mtu, ni mkosi kwa mwali. Nilijua hilo. Sikujua yaliyobaki.

"Kaka Hatibu alichelewa kushuka kutoka Matombo," Chausiku akasema. "Mawingu yameshuka, mpiga video anasema mvua itamharibia kamera. Nikamfunua mwenyewe, kidogo tu, achukuliwe. Nikamfunika tena. Kaka alipofika akamfunua mbele za watu, hajui kitu." Akaigeukia skrini. "Na tangu juzi mtoto ana homa."

Zuhura wa kijani aliendelea kucheza.

"Tujaribu diski nyingine," Lukasi akasema. "Ikitoka na rangi zake, basi tatizo ni la diski hii."

Alisema kwa wepesi, kama anaongelea betri ya redio. Mimi droo ilinishinda kufungua. Ikitoka na rangi zake, nitamtazamaje Chausiku? Nikapapasa, nikatoa diski ya harusi moja ya Mikese. Chausiku akajifunika uso kwa kanga.

Ngoma ikaanza. Wanawake wakaingia uwanjani wakizungusha viuno, na wa mbele kabisa, kijani kama kuvu, alikuwa Bi Asha.

Akasogea karibu. "Yule si mimi?"

"Ni wewe, bibi," Lukasi akasema.

"Basi tumekufa wengi."

Lukasi akafungua kidirisha cha rangi cha programu ya video. Kitelezi kimoja, kile cha kuvuta kuongeza au kupunguza rangi, kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho. "Nani alichezea hapa?"

Ni mimi. Jana usiku sinema ilikuwa ya giza mpaka mwisho, sebule imejaa, nikawa navuta kila kinachovutika huku nawasimulia habari za mke wa mtu. Lukasi akakirudisha katikati, akaweka diski ya Zuhura, damu ikarudi kwenye nyuso.

Chausiku akafunua macho. Akatazama, akapumua. Kisha akamkumbuka Bi Asha. Rangi zimerudi, lakini aliyoyasema yalikuwa yamekwishatoka.

"Irudishe nyuma," Bi Asha akasema.

Tukauona mkono wa mama unaingia kwenye picha, unainua kanga nyekundu. Zuhura anapepesa macho, mzuri, mzima. Mkono unashusha kanga.

Bi Asha akasimama, akajitanda. "Nilitumwa kumwona mwali. Nimemwona. Mtoto mpelekeni hospitali apimwe malaria." Akanigeukia mimi. "Mimi sikusikia kitu. Mwalimu naye si mtu wa huku. Wewe je?"

Chausiku naye akanigeukia. Mji mzima unaujua mdomo wangu, na uso alioniletea ulikuwa umepauka kuliko wa kwenye skrini.

Nje walikuwa wameanza kugonga, wanataka sinema. Sikufungua mpaka nilipoapa kutosema.

Ndoa ilifungwa. Mjomba Hatibu tumemzika mwaka jana, ndiyo maana leo nasema.