Nionyeshe Mguu Uliouharibu

Kidole gumba cha mguu wa kulia wa Wamaitha kilikuwa kimekosana na mwenyewe. Kilianza kwa kuchungulia upande, miaka kumi iliyopita, kikaendelea kumsukuma jirani yake mpaka kidole cha pili kikachoka, kikampanda mgongoni. Pale kwenye kifundo cha kidole pakaota kinundu chekundu ambacho hakikuelewana na kiatu chochote. Wamaitha akavumilia, maana wanawake wa Nakuru tumejaliwa uvumilivu wa kijinga: kiatu kikimbana mtu, anakata kiatu. Alikata jozi tano kwa mkasi wake wa kitambaa, mkasi ambao mtu mwingine akikatia karatasi tu anatukanwa yeye na ukoo wake.

Kazi yake ni kushona gauni za harusi na majoho ya kwaya, pale Bondeni. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na usimtajie mota. Binti yake Shiru, injinia wa umeme wa mvuke kule Olkaria, alimnunulia cherehani ya umeme ikaishia kuwa meza ya kuwekea chai. Mota inajua kukimbia tu, Wamaitha husema, haijui kutulia. Kwa kukanyaga, mguu wa kulia ndio unaoamua sindano ishuke mara moja, mara mbili, isimame kabla ya kona. Na mguu hauamui kwa kisigino. Unaamua kwa kidole gumba, kikijikunja na kujinyoosha siku nzima. Basi siku kilipokataa kujikunja, sindano ikapita kona ya kola ya bibi harusi kwa mishono minne, alizima redio. Kuumwa alikuwa amekuzoea. Kushindwa na kazi yake hakuwahi, na siku hiyo aliogopa sana.

Shiru akasema ni operesheni tu, hakuna njia nyingine. Sasa, Kiswahili chetu cha huku bara kina ubaya wake: aliyepasuliwa kidole amekatwa mguu, na aliyeondolewa mguu mzima mpaka pajani naye amekatwa mguu. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Mama Shiru anakatwa mguu. Wakamwombea kwa machozi. Mzee Kihara akamletea mkongojo wa marehemu mkewe, umepanguswa vizuri, na Wamaitha akaupokea kwa mikono miwili kama anavyotakiwa mtu mwenye adabu. Moyoni alikuwa amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu kwake yeye watu hawakuwa wamekosea sana. Ukikaa mbele ya cherehani, mguu usiokuwepo na kidole kisichojikunja vina tofauti gani?

Shiru alitafuta daktari kwenye simu, akampata Dokta Mwaura, mwenye kliniki ya vioo mjini na picha za nyayo ukutani, kabla ya operesheni na baada. Ni daktari mzuri, tusimsingizie. Alieleza kwamba kifundo kimechakaa, kwa hiyo atakiunga kwa chuma kiwe mfupa mmoja na maumivu yaishe kabisa. Wamaitha akauliza kama kidole kitajikunja. Daktari akacheka kidogo, akasema kwa umri wake hatakuwa na haja ya kukikunja, ama bado anaenda disko? Shiru naye akacheka, mtoto huyo. Wamaitha akatazama zile picha moja baada ya nyingine. Nyayo zote zilikuwa zimenyooka na kupendeza, hapakuwa na hata moja iliyoenda vibaya, na hilo ndilo lililomkaa rohoni.

Mjue kwamba Wamaitha alifundishwa kazi na fundi Praful, aliyekuwa na duka la suti mjini. Mlangoni kwa Praful lilining'inia koti la kijivu, bega moja juu, lingine chini. Alikuwa ameliharibu mwenyewe. Kila mteja mpya alionyeshwa koti hilo kabla hata ya kupimwa, akaambiwa hapa nilikosea hivi, na tangu siku hiyo nafanya hivi. Fundi ambaye hajawahi kuharibu kitambaa, Praful alikuwa akisema, ama ameanza kazi jana ama anakudanganya leo. Wamaitha ametumia kipimo hicho miaka thelathini kuchagulia fundi wa bomba, fundi wa paa, hata mume, ingawa kwa mume alikitumia amechelewa. Wakiwa ngazini kwa Dokta Mwaura alimwambia Shiru kwamba huyu hana koti. Shiru akafikiri mama yake ameanza kuchanganyikiwa.

Daktari wa pili alikuwa katika hospitali isiyo na vioo, chumba cha mwisho baada ya famasi. Dokta Chemutai, mzaliwa wa Olenguruone, mwembamba, amevaa raba, na kwa macho ya Wamaitha alionekana kama ametoka shule ya sekondari juzi. Wamaitha akakata tamaa kabla ya kukaa. Lakini huyo binti hakuuliza habari ya mguu kwanza. Aliuliza anafanya kazi gani. Aliposikia cherehani ya kukanyaga, akaweka mbele yake kigoda cha kupandia kitandani, kile kiti kidogo cha mbao, akakiegemeza upande mmoja ili kicheze, akamwomba ashone. Ashone nini? Chochote, hata hewa. Wamaitha akashona hewa, na daktari mzima, mwenye shahada zake, akapiga magoti sakafuni akakitazama kidole muda mrefu.

Kisha akawasha taa ya eksirei. Wamaitha hakuwahi kuiona mifupa yake. Ilikuwa midogo, myeupe, imejipanga kwa mpangilio ambao hakuna fundi wa duniani angeubuni, na imembeba miaka hamsini na sita bila yeye kuwahi kuishukuru. Akajikuta amefunika mdomo kwa mkono. Daktari akamwonyesha kifundo: kwa juu kimeliwa, kwa chini bado kizima. Yeye hangekiunga. Angekata mfupa, ausogeze urudi mahali pake, aushike kwa skrubu mbili, kisha anyooshe kidole cha pili. Kingejikunja, si kama cha msichana, lakini cha kutosha kona. Na inawezekana pia kisijikunje, hilo akalisema wazi.

Hapo Wamaitha akakohoa.

"Daktari," akasema, "nionyeshe mguu uliouharibu."

Shiru alitamani ardhi ipasuke immeze. Alianza kuomba radhi, kwamba mama hakumaanisha, lakini mama alimaanisha, na daktari alikuwa ameshaelewa. Akasema amefanya operesheni hizo arobaini na tatu, na miguu miwili ilirudi kupinda. Mmoja haukuwa wa kulaumu mtu. Mwingine kosa lilikuwa lake yeye. Alitaja hilo bila kuinamisha macho. Akasema hawezi kumwonyesha mguu wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe, lakini ataomba.

Siku mbili baadaye simu ikalia, mwenye mguu amekubali, na Ijumaa Wamaitha akawa Lanet, sebuleni kwa Mwalimu Makokha, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Mwalimu alivua soksi bila maringo. Kidole kilikuwa kimepinda tena, kweli kabisa, na Wamaitha akainama kukikagua kama anayekagua pindo. Kovu lilikuwa jembamba na lililonyooka. Mkono ulioshona hapo haukuwa wa mzembe. Mwalimu akaeleza kwamba daktari hakumuuliza anasimama saa ngapi kwa siku, akapasua kama kitabu kinavyosema, na mguu wa kusimama darasani toka asubuhi mpaka jioni ukakikataa kitabu. Kidole kilipoanza kupinda, Dokta Chemutai alifunga safari mwenyewe, akaketi kwenye kochi hilohilo akasema amekosea. Katika maisha yangu yote, Mwalimu akasema, sijawahi kumsikia daktari akilitamka neno hilo. Ndipo Wamaitha akamwuliza lile lililomleta: angekubali kurudi kwa daktari huyo?

"Nimeshapangiwa tarehe," Mwalimu akajibu, akivuta soksi. "Anarudia huu, kisha ule mwingine."

Wamaitha akakaa pale na chai yake ikapoa. Alikuwa amekwenda kutafuta sababu ya kukataa.

Siku ya operesheni walimdunga sindano ya mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ukawa si wake. Wakatandaza shuka ya kijani kati yake na miguu yake. Alikuwa amejiandaa kuogopa, lakini masikio yalimsaliti: nyuma ya shuka ile alisikia nyundo ndogo, msumeno, keekee ikizunguka, mtu akiomba kifaa na kukipata bila kurudia. Ilikuwa karakana, jamani. Juu yake ilining'inia taa kubwa yenye ukingo wa chuma kinachong'aa, na ndani ya chuma hicho, vidogo sana, aliona glavu nne na wayo wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia afumbe macho, naye hakuyafumba.

Baada ya muda mrefu sauti ya mwanamume aliyemsaidia daktari ikasema skrubu zimekaa, tufunge. Glavu mbili zikakishika kidole zikakiinamisha.

"Kinagota kikiinama," akasema Dokta Chemutai.

Yule mwanamume akasema ni kidogo mno, eksirei ni nzuri, hakuna daktari duniani atakayeona tofauti, na mgonjwa mwenyewe hataona.

"Mguu wake utaona. Toa skrubu zote mbili."

Hakubishwa. Keekee ikazunguka kinyume, vyuma vikalia ndani ya sinia, kimoja, kisha kingine, na kazi ikaanza upya kwa utaratibu uleule, kana kwamba hakuna aliyechoka. Wamaitha alikaza macho kwenye ule ukingo wa taa mpaka alipokiona kidole chake, kidogo kama punje ya mchele, kikiinama na kuinuka, kikiinama tena, laini, bila kusita popote. Hakukihisi hata kidogo, ila alikiona. Machozi yakamtoka yakateremkia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Muuguzi akainama haraka akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Wamaitha akasema. "Sogea kidogo, mama, unanizuia. Namwangalia fundi."

Muuguzi akasogea.