Mngurumo wa Redio ya Delphin

Huko Mususa, Butembo, Paulin hakuwa na mshindani wa kutengeneza redio za taa, zile kubwa za kizamani, kwa sababu moja tu: wenzake wote walishakufa au walishahamia kwenye simu. Alizipenda redio hizo kuliko baadhi ya ndugu zake, wala hakuona haya kulisema.

Ile ya Mama Katungu, mjane wa Delphin kutoka Beni, ilimchukua siku nne. Mpira wa nyaya ulikuwa unapukutika kwa kuguswa tu. Akazing'oa zote, akatia mpya, akizipitisha kona kwa kona palepale zilipopita za zamani. Kondansateri za karatasi, vile vidude vya kutunza umeme, zilikuwa zimevuja nta. Hizo alizitoa matumbo, akaficha ndani yake kondansateri mpya, ndogo kama punje za maharagwe, akaziba kwa nta ileile. Mtu angefungua sanduku angeapa halijaguswa tangu enzi za Wabelgiji. Kazi hiyo ilimrudisha ujanani, wakati mtaa mzima ulikuwa ukinyamaza saa ya habari, naye aliukumbuka ukimya ule kwa uchungu.

Katungu alipokuja kuichukua, Paulin aliiwasha kwa mbwembwe. Sauti ikatoka safi kabisa. Mama akatega sikio, uso ukamshuka.

"Papa Paulin, hii hapana redio ya Delphin. Ile mungurumo iko wapi?"

"Ile ilikuwa bugonjwa, Mama. Kondansateri moja munene ilikuwa imekufa. Nimeitosha, nimeitupa ku kopo."

"Umeitosha!" Akaketi. "Bwana yangu aliongoza korali miaka makumi mbili. Mbele ya kuimba, anafungua redio, anasikia ile 'mmm', njo anakamata sauti ya kuanzia. Kesho tunamaliza matanga yake ku Beni. Nilitaka batoto baimbe wimbo yake na sauti yake. Sasa nani atatupatia?"

Paulin aliumia. Miaka arobaini anafukuza ngurumo, na leo mtu anaililia! Nusura aropoke. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipoona mama anavyofumbata ncha ya kitenge, hasira ikamwisha. Akafukua kopo la takataka, akaipata kondansateri ile ya zamani, akailehemu mahali pa ile mpya.

"Dakika moja tu, Mama. Ikipita, transfo ya umeme itaungua, basi tutakosa vyote. Nichukue sauti ku telefone?"

"Hapana. Yeye alikuwa anachukua na mudomo."

Paulin akawasha. Taa zilipopata joto, mngurumo ukapanda kutoka tumboni mwa sanduku, mzito, ukatetemesha meza. Katungu akafumba macho, akaufuata kwa midomo iliyofungwa. Mara ya kwanza akakosea; mara ya pili akaukuta. Harufu ya nta ikaanza kusikika, lakini mkono wa Paulin haukuinuka kuzima, maana naye alitamani kuendelea kusikiliza. Ni mama mwenyewe aliyezima.

Redio ikanyamaza, yeye akaendelea.

Paulin akarudisha kondansateri mpya haraka haraka, huku mama akivuta pumzi kwa pua na kuurudia mngurumo usimtoroke. Hakusema aksanti, hakuaga. Nje, mwenye pikipiki akamwuliza, "Mama, tunaenda wapi?" Katungu akaonyesha kwa kidole barabara ya Beni, akapanda na redio mapajani, bado anaunguruma.