Kombe la Kwenda Mbwamaji

Asubuhi ile Mwinyimvua alikuwa amesimamisha baiskeli yake nje ya soko la Kariakoo, kikapu cha mikate kimefungwa nyuma, naye anataniana na Zamda, muuza vitumbua.

"Farasi wako kala nini leo, Mwinyi?"

"Kala mafuta ya nazi, dada. Wewe hivyo vitumbua umevichoma tangu juzi? Vigumu kama makubadhi."

"Basi vivae uende navyo msikitini!"

Walikuwa bado wanacheka pale Safari alipotokea katikati ya mikokoteni. Safari alikuwa binamu yake Mwinyimvua, akikaa Mbwamaji, ng'ambo ya Kigamboni. Kanzu yake ilikuwa imelowa maji ya bahari mpaka magotini na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwema, binamu?"

"Kwema," alisema Safari, kisha akatazama chini. "Mama mgonjwa. Kazidiwa. Wazee wamenituma nikuchukue, twende sasa hivi."

Zamda aliacha kucheka. Alimtazama Safari, akamtazama Mwinyimvua, akaifunika sinia yake taratibu kwa kitambaa.

Mwinyimvua na mama yake, Bi Kijakazi, hawakuwa wamesemeshana tangu mwaka uliopita, na kosa lilikuwa la Mwinyimvua mwenyewe. Siku moja alivuka Kigamboni pamoja na vijana wa mjini wenye viatu na suruali, wakaenda kuendesha baiskeli kwenye barabara ya changarawe iendayo Mbwamaji. Barabara ile ilichongwa kwa ajili ya malori ya mashamba. Bei ya mkonge ilipoanguka malori yakaacha kupita, ikabaki tupu, nyeupe, mikorosho huku na huku, na upepo wa pwani usoni. Kariakoo mtu huendesha kwa kukwepa watu, punda na magari. Kule aliweza kukanyaga mpaka machozi yakamtoka kwa kasi. Walipopita mbele ya kibanda cha makuti cha mama yake, Bi Kijakazi alisimama barazani akamwita kwa jina lake la utotoni. Mwinyimvua aliona haya mbele ya wale vijana. Hakusimama. Alipiga kengele, akapita.

"Mwanangu kanipigia kengele," mama alikuwa akiwaambia watu, "kama kuku aliyekatiza njia."

Tangu hapo Mwinyimvua alivuka peke yake karibu kila Ijumaa baada ya sala, kwa nia ya kwenda kumtaka radhi. Aliendesha mpaka akapita Mjimwema, akaonja ule upepo, na haya zikamrudia. Akageuza. Kila mara alimwomba Mungu ampe nguvu Ijumaa ijayo.

"Nitakwenda," alimwambia Safari. "Lakini siendi mikono mitupu. Napita kwanza kwa Maalim Mbaruk aniandikie kombe."

"Kombe la nini?"

"La mama, anywe! Umesema mgonjwa."

"Mama anahitaji dua tu, binamu. Twende."

"Na kombe ni nini kama si dua?"

Maalim Mbaruk alikuwa Mwarabu mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kichwele, na watu wengi walimwamini kwa kisomo. Siku hiyo duka lilikuwa limejaa wateja, binamu wawili wakangoja. Kisha Maalim akachukua sahani nyeupe na wino wa zafarani, akaanza kuandika aya polepole, kwani mzee huyu hakuandika maneno ya Mungu kwa pupa. Safari alikuwa akiingia na kutoka.

"Maalim, tafadhali, kwa ufupi."

"Unataka nimfupishie Mwenyezi Mungu?" alisema Maalim bila kuinua kichwa. "Mgonjwa jina lake nani?"

"Kijakazi," alijibu Mwinyimvua.

Safari alitoka nje, akasimama akiutazama ukuta.

Maalim aliiosha sahani kwa maji ya waridi, akayatia maji yale ya manjano katika chupa na kuifunga kwa kizibo na kitambaa. "Isianguke. Yasimwagike mahali pa kukanyagwa. Hayo ni maneno ya Mungu."

Waliacha mikate kwa Zamda, wakashuka mpaka Magogoni, wakavuka kwa mashua. Kigamboni Mwinyimvua alipanda baiskeli, Safari akakaa nyuma, chupa ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Barabara ilikuwa tupu kama siku zote. Changarawe zililia chini ya magurudumu. Kwa nguvu za miguu yake Mwinyimvua angeweza kufika upesi, kwani aliijua kila kona. Lakini palikuwa na mahali mvua zilipochimba mifereji, na mahali mawe ya matumbawe yalipotokeza kama meno. Kila alipofika hapo alishuka, akakokota baiskeli, Safari akitembea pembeni na chupa.

"Kanyaga tu, Mwinyi."

"Chupa itapasuka."

"Ipasuke! Kanyaga."

"Umepatwa na nini wewe? Hiyo ndiyo dawa ya mama."

Mwinyimvua alikuwa akisema moyoni, kwa kila mzunguko wa pedeli: Mola wangu, mponye, na kama humponyi, mwache mpaka nimshike miguu. Hakutaka zaidi ya hapo. Alijua maneno atakayosema. Nisamehe mama, niliona haya, na haya zile zilikuwa ujinga wangu. Kisha atamnywesha kombe kwa mkono wake.

Mbele ya Mjimwema waliwapita wanawake wamejifunika kaniki, wamebeba majamvi na nyungo za mchele. Mmoja alipomtambua Mwinyimvua alianza kutoa sauti, mwenzake akamfinya mkono.

"Pole, mwanangu," alisema yule aliyefinya.

"Tushapoa, mama. Inshallah atapona."

Wanawake walitazamana. Mwinyimvua alikanyaga kidogo, kisha akauliza bila kugeuka, "Wale wanakwenda wapi na majamvi?"

"Sijui," alisema Safari. "Labda kuna maulidi huko mbele."

Mwinyimvua aliamua kuamini maulidi. Jua lilikuwa limekwisha kupinda.

Penye njia panda ya Mbwamaji walikutana na wanaume wanarudi. Walitembea kimya, majembe mabegani, pindo za kanzu na miguu yao vimejaa udongo mbichi. Mbele alikuwa Mzee Zahoro, mjomba wake. Mwinyimvua alishuka kwenye baiskeli. Mikono yake haikuachia usukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Tulikungoja." Sauti ya mzee ilikuwa imechoka. "Kafariki alfajiri. Tulikungoja tukamswalia adhuhuri, tukakungoja tena kaburini. Jua kali, na maiti haki yake ni kusitiriwa. Tungefanyaje?"

Mwinyimvua alimgeukia Safari. Safari alikuwa analia sasa, waziwazi, chupa bado kifuani.

"Ungeniambia, nisingekwenda kwa Maalim. Ningekanyaga. Ningemwahi, ningemuona uso."

"Wazee walinikataza. Walisema utaanguka baharini. Kwani watu huambiwaje, binamu? Baba yako alipofariki wewe uliambiwa nini?"

"Kwamba anaumwa."

"Na ulielewa?"

"Nilielewa," alisema Mwinyimvua. "Mara hii sikutaka kuelewa."

Walimpeleka kaburini. Udongo ulikuwa umekwisha kumwagiwa maji na ulianza kukauka juu. Alipiga magoti, akasoma, lakini yale maneno mengine aliyoyatayarisha njiani hakuyasema, kwa kuwa yalikuwa ya kusemwa mbele ya mtu anayeweza kujibu.

Nyumbani dada yake, Mgeni, alitoka uani kwa wanawake akaja kumshika mkono. Ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho.

"Mgeni, nakuuliza kwa Mungu. Mama alisema lolote juu yangu?"

Mgeni alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Alikuwia radhi, kaka. Alisema, mwambieni Mwinyi sina kinyongo naye."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Mwinyimvua alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa huruma, uso ule ule wa Safari sokoni asubuhi, uso wa yule mwanamke wa jamvi aliyemwambia pole. Maneno yalikuwa laini kama yao. Akatafuta katika macho ya dada yake kitu cha kushika, asikione.

"Apa."

"Kaka, msiba huu..."

"Apa, Mgeni."

Mgeni alianza kulia, akasema anaitwa uani, akaenda.

Safari alikaribia, hajui pa kuiweka chupa. "Nifanye nini na kombe?"

Kumwaga hakufai. Kunywa hakuthubutu, kwa maana liliandikwa kwa jina la mwingine. Mwinyimvua aliipokea, akaketi barazani, pale mama yake aliposimama siku ile, akaielekea barabara. Ilikuwa tupu mpaka macho yalipoishia. Alijaribu kumwomba Mungu, akashindwa kujua aombe nini, kwa sababu alichokitaka kilikuwa kimekwisha kufukiwa.

Chupa haikuwa na ufa hata mmoja. Halikumwagika hata tone.