Mgongo wa Makoye

Kisiwani kwetu mgonjwa mahututi hapandi mtumbwi. Serikali haikusema hivyo, tulisema wenyewe. Mwaka jana mtoto alikata roho ndani ya mtumbwi wa Nkwabi akipelekwa hospitali, na mtumbwi ule ukalala kifudifudi mchangani mpaka mbuzi wa kuondoa mkosi akachinjwa. Kabla ya hapo hakuna aliyekubali kuupanda. Tangu siku hiyo Nkwabi huwatazama abiria wake usoni, mmoja mmoja.

Mama alianza kuumwa kifua na homa mvua za kwanza zilipokuja. Tulihamia hapa kutoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, baba alipochoka kuchimba mawe matupu akatuacha. Kazi yetu ni kuanika dagaa juu ya majabali. Mama mdogo Ritha, anayefua mashuka hospitali ya Kolandoto, alituma ujumbe kwamba tumlete upesi. Lakini mtumbwi wa abiria ni huo mmoja tu, na huvuka siku ya gulio.

Basi tukapanga mama aende kama mchuuzi. Asubuhi nilimwogesha, nikampa vidonge vya homa, nikampaka mafuta usoni ili ang'ae. Nikamvika kitenge cha kijani na kilemba chake. Magunia yetu ya dagaa yalikuwa yametangulia kupakiwa.

"Nikikohoa, wewe cheka," mama aliniambia. "Watadhani tunacheka wote."

"Nitacheka nini, mayu?"

"Mcheke Nkwabi na tumbo lake."

Alitembea mwenyewe mpaka ufukweni. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa.

"Mama Justa, umependeza," Mama Doto akamwita. "Unakwenda kuolewa gulioni?"

"Nimechoka kunuka dagaa. Nikipata mzee mwenye ng'ombe, sirudi."

Wakacheka. Mama akakohoa, nami nikacheka kwa nguvu ambayo si kawaida yangu. Nkwabi alimtazama.

"Shikamoo, Nkwabi," mama akasema.

"Marahaba. Haya, wapandisheni."

Tulifikiria kila kitu isipokuwa hicho. Kwetu hakuna gati. Mtumbwi husimama mahali maji yanapofika kiunoni, na wanawake hubebwa mgongoni na vijana. Kila tukivuka tunabebwa. Labda ndiyo maana hatukukumbuka.

Makoye, mmoja wa vijana hao, aliinama, mama akamshika shingo.

"Umekuwa mwepesi, mama. Dagaa mnaanika, wenyewe hamli?"

Pumzi zilikuwa zimemwishia mama kwenye utani wa Mama Doto. Makoye aliingia majini, akaenda kidogo, akasimama. Shavu la mama lilikuwa limelala shingoni kwake.

"Nkwabi," akasema taratibu, "huyu anaungua."

Nkwabi hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Justa, mama yako anaumwa?"

Ningesema ni jua. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Lakini maneno yangu huchelewa tangu utotoni, hata shuleni, kabla sijaacha, mwalimu alikuwa ameshachoka kuniuliza. Mtumbwini watu wote walikuwa wamegeuka. Nikatazama maji.

"Mrudishe," Nkwabi akasema, bila ukali. "Mnisamehe. Nina watu humu."

Makoye alimrudisha, akamketisha juu ya jabali letu. Injini ikawaka. Magunia yetu yalikwenda. Dagaa hawana mkosi.

Mama alikohoa mpaka akamaliza. Sikucheka.

"Gulio lijalo," nikasema.

"Gulio lijalo atanishika paji la uso kwanza." Alikuwa bado anautazama mtumbwi. "Mama Doto ana dagaa wabichi wamemzidi. Kamwombe ndoo moja tuanike. Jua lisipotee bure."

Nikaenda. Niliporudi na ndoo alikuwa amevua kilemba, amekikunja vizuri, amekiweka mbali, mwisho wa jabali, kisije kikanuka.