Mgeni kwa Mama Yake

Kandambili ya kulia ilikatika kabla hawajafika hata nusu ya mlima. Dobi alikaa juu ya jiwe, akaifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la gauni lake. Wenzake wakampita mmoja mmoja na viatu vyao vya kupandia milima na fimbo zao za chuma. Wawili walimpa pole. Wa tatu alimuuliza kama yeye ndiye mpishi wa msafara.

"Nimekuja kutembea kama wewe," alisema.

Kutembea. Mlima huu aliupanda akiwa na mimba ya kwanza, ndoo kichwani, na hakuna aliyeuita matembezi.

Kijana aliyetangulia mbele, mwenye fulana ya kijani ya kampuni, alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Ndiye aliyempenyeza kwenye kundi, ashike nafasi ya mgeni aliyeugua. Siku hizi hakuna anayepanda ila akiwa kwenye kundi lenye mwongoza watalii, tangu mlima ulipozungushiwa uzio na wenyeji kushushwa bondeni na vyombo vyao. Jana kijana alimjia chumbani, akasimama mlangoni, hata kukaa hakutaka.

"Mama mdogo, tukifika pale usiniite mwanangu. Msimamizi anatembea nyuma yetu. Akijua nimeleta mtu wa kule juu, kazi sina."

"Sitakuita. Nataka kumng'olea mama majani tu, nishuke."

"Utafanya haraka?"

"Ni kaburi, baba, si shamba."

Mama alizikwa msimu ule ule wa kuhamishwa. Udongo ulikuwa bado mbichi malori yalipokuja. Hata jiwe la kichwani hawakuwahi kumwekea. Dada alikufa akiuliza, huko kwa mama kukoje? Dobi, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli mpaka vidole vikachubuka, hakuwa amepaona tangu siku ya malori. Hilo lilimuuma kuliko vidole.

Huko juu magofu ya kale yapo, hakuna anayebisha. Kuta za wafalme, nene, zimenyooka. Lakini kundi lilipozunguka upande wa pili, Dobi aliona ukuta mfupi wa kufika kiunoni, kona yake imekwenda upande. Baba yake hakuwahi kujua kunyoosha kona, na mama alimcheka kwa hilo maisha yao yote. Lilikuwa jiko lao. Lilikuwa limezungushiwa kamba na kuwekewa kibao.

"Hapa," alisema mpwa wake, akitazama juu ya vichwa vya watu, "palikuwa na ghala la nafaka la mfalme. Miaka mia saba iliyopita."

"Mia saba," alirudia mgeni mmoja mzee, akavua kofia kwa heshima.

Jiko lililokuwa likivuja mpaka mvua ikinyesha wanahamishia chungu chumbani. Dobi alitaka kucheka.

Alizunguka nyuma ya ukuta, mahali alipopajua. Hapakuwa na majani ya kung'oa. Pamesawazishwa, pakamwagwa zege, na juu ya zege pakachorwa nyayo mbili kwa rangi nyeupe, kumwonyesha mtu pa kusimama ili bonde lote liingie kwenye picha.

Alipiga magoti. Akalipapasa zege huku na huku, akitafuta walau ufa.

"Wewe mama." Msimamizi alikuwa amefika, redio mkononi. "Umepoteza nini hapo?"

"Hapa chini pana mtu."

"Kaburi?" aliuliza yule mgeni mzee, macho yakimng'aa. "La kale?"

Msimamizi alimgeukia mwongoza watalii. "Pana mtu hapa?"

Kijana alifuta jasho puani. Pua ile ilikuwa ya bibi yake mtupu.

"Hapana, mkuu. Hapa hajazikwa mtu. Huyu mama kachoka, ni jua."

Alimletea maji, akachuchumaa, akanong'ona, "Nyanyuka, nakuomba. Nina watoto."

Neno moja tu, mwanangu, lingetosha, na Dobi alikuwa nalo mdomoni. Hasira zilimpanda, kisha akawaza wale watoto, nao ni wa ukoo huo huo. Angemlaani nani?

"Samahani, bosi," alisema. "Ni jua."

"Basi tupige ya pamoja tushuke," alisema msimamizi. "Na mama naye awepo, asijisikie vibaya."

Watu wakajipanga. Mgeni mzee alimshika Dobi mkono kwa upole kabisa, akamweka mbele kwa sababu yeye ni mfupi. Miguu yake ikaenea sawasawa kwenye zile nyayo.

Mpwa alirudi nyuma amekumbatia simu za wageni, kila mmoja akitaka yake.

"Mama wa mbele," aliita kwa sauti ya kazini, "usiangalie chini. Tabasamu kidogo."

Alitabasamu.

"Asante. Msisogee," alisema, akichukua simu nyingine. "Bado."