Mkato wa Tatu

…na kiti chenyewe humu ukumbini wamenipa cha mbele, mimi Bonaventura niliyeishia darasa la tano, nimekaa na shemeji yangu Damari, mjane wa kaka yangu Stefano, na ofisa utamaduni anasoma karatasi, Dokta Peniel ni mhadhiri wa usanifu, kazi zake za ubunifu ni vitambaa vilivyochapwa alama za mizinga ya nyuki, ameandika kitabu kimoja na makala kumi na mbili, kwa sasa anavutiwa na… soma haraka baba, tunataka kumsikia mwenyewe, tena bila mimi asingekuwa na la kusema, kiangazi kilichopita huyu binti wa Kiomboi alifika hapa Itigi na kamera shingoni, shikamoo mzee, eti mnachonga alama kwenye mizinga, zina maana gani, maana! alama ni ya kumzuia mwizi, basi, Stefano alichonga mikato miwili, mimi mitatu, sisi warina asali tunajua, lakini ningemjibu hivyo angeondoka chai haijapoa, nikamwambia mkato wa kwanza ni babu alipomkaba simba, wa pili ni simba alipoomba msamaha, wa tatu nikauchelewesha, mtu anayeandika ukimpa yote kwa mkupuo hathamini… "Shemeji," Damari ananigusa kwa kiwiko, "si mzinga wako huo ukutani!" kweli, picha kubwa kama mlango wa kanisa, mikato yangu mitatu, nainua kidevu, Lazaro wa mashine ya alizeti na anione vizuri, aliyezoea kuniita redio mbovu, na Dokta ameshashika kipaza sauti, "Siku hizi nafuatilia vitu vilivyoguswa na mkono wa pili, tazameni, mikato hii miwili ni ya zamani, mti umeshakuwa mweusi ndani yake, huu wa tatu umekuja baadaye sana"… simba je? mbona hamtaji simba, kumbe huyu mtoto alikuwa anaandika maneno yangu huku jicho lake liko kwenye gogo, ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike Stefano, mimi na patasi msituni, mizinga yake kumi na mmoja, nikaongeza mkato mmoja mmoja, kazi ya asubuhi moja tu, nyuki wakinung'unika ndani, nikarudi nikamwambia Damari nyegere, shemeji, nyegere wameangusha yote, hakuna hata mmoja uliopona, nikamweleza mpaka kovu la yule nyegere mkubwa, akalia, kisha akanipikia ugali, akanishukuru kwa kujisumbua, tangu hapo analima mashamba ya watu, na mimi kila msimu nampelekea asali chupa moja, moja! ananiita mtu wa huruma… "na huu wa tatu," Dokta anasema, "ndio unaonivutia zaidi, umekatwa kwa pigo lisilosita, naomba jina la aliyeuchonga, nataka liingie kwenye kitabu kipya," jina langu, kitabuni, miaka hamsini na mbili naongea na hakuna aliyeniandika popote ila kwenye daftari la wachelewaji shuleni, na kitu pekee cha mkono wangu kilichowahi kusifiwa na msomi ni hicho, hicho! na mguu umeshajikaza kusimama, mguu hauna aibu, na kiwiko cha Damari tena, "Simama, shemeji, leo unaona haya?" halafu Dokta anaongeza, "ila miwili ile ni ya mtu mwingine, alikuwa mashoto, oneni inavyolala," na kiwiko kinaondoka ubavuni mwangu, taratibu, hakirudi… mrina asali mashoto tulikuwa naye mmoja tu, kucha za mkono ule Damari alikuwa akimkata mwenyewe mpaka siku ya mwisho, haya Bonaventura, sema, niseme alinirithisha, niseme tulichonga pamoja, lakini Damari ndiye anayesimama, anafunga kanga vizuri, "Mwanangu, hiyo miwili ni ya marehemu mume wangu, Stefano," asante mama, pole sana mama, anasema Dokta, na wa tatu? sema, Damari, niite mwizi hapa hapa, Lazaro asikie, nitainama, nitaomba radhi, huenda nikajitetea kidogo ndivyo nilivyo, sema tu, "Wa tatu," anasema bila kugeuza shingo, "sijui ni wa nani," anaketi, Dokta anaandika, picha bado iko ukutani, ofisa anauliza nani mwingine ana swali, maneno manne tu, hayakutiwa chumvi hata punje, na ukumbi mzima umeyaamini, wala hakuvuta kiti chake mbali, bega lake liko pale pale karibu na langu, linapumua, mimi ndiye nisiyekuwepo, kwa sababu mwizi ana jina, mwizi ana ukoo, anaweza kutukanwa mezani na bado akapewa sahani, angeniita mwizi ningekuwa bado shemeji yake…